Bukuru wa Nyumba ya Pili

"Mama Pancras, hivi wewe ukipiga magoti unamwombea nani, sisi au wale?"

Kwandu aliniuliza hivyo kisimani, ndoo yangu ikiwa haijajaa. Siku nyingine angenianza kwa salamu ya kwao Usukumani, "Mwangaluka," nami ningeitikia ovyo ovyo, tukacheka. Siku ile hakusalimu. Aliishika ndoo yangu mdomoni kama mtu anayeshika mali yake. Nikamwambia, "Naombea wote, dada Kwandu." Akasema, "Wote hakuna. Chagua." Akaisukuma ndoo, maji yakanimwagikia miguuni, na wanawake wengine wakatazama pembeni.

"Wale" aliowasema walikuwa watu wawili tu, jirani yetu Josefina Uwimana na mama yake mzazi. Ilikuwa mwaka 1999. Kambi za Ngara zilikuwa zimejaa Warundi, na katika vijiji vya huku Biharamulo neno mkimbizi lilikuwa limegeuka tusi. Ukitaka kumuumiza mtu, hata kama amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwako, unamwita hilo tu, inatosha.

Habari za Josefina zimesimuliwa sana hapa Nyakahura, na kila anayesimulia huzitia chumvi ya hasira yake. Wapo wanaosema alihongwa na Wahaya. Wapo wanaosema alikuwa akilipiza kisasi cha wazazi wake. Mimi wakati huo nilikuwa napika chai kwenye ofisi alikofanya kazi, na ukuta kati ya jiko langu na chumba chake ulikuwa wa mbao zisizobanana. Niliyoyasikia niliyasikia. Ambayo sikuyasikia aliniambia mwenyewe. Yu hai, na ameniruhusu kuandika.

Baba yake, mzee Ndikumana, alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na panga mkononi na mke mwenye mimba. Bulugu, mume wa Kwandu, alikuwa ametangulia kufika hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, ameshika eneo kubwa kupita nguvu zake. Akamwonyesha Ndikumana kipande, kutoka kwenye miiba ile mpaka kwenye kichuguu kile, akasema, "Lima." Basi. Hapakuwa na karatasi wala mtu wa serikali. Ndivyo watu walivyopeana ardhi huku: unapewa kwa mdomo, na kila mavuno unampelekea aliyekupa kapu la kwanza, kusudi asisahau kwamba ni lake na wewe usisahau. Ndikumana hakusahau hata mwaka mmoja. Alipofariki, mjane wake aliendelea kupeleka kapu. Lakini shamba lililotolewa kwa mdomo, mdomo huohuo unaweza kulirudisha. Kila mtu alilijua hilo, ila halikuwa likisemwa.

Josefina alizaliwa juu ya shamba hilo. Alikua katikati ya watoto wa Bulugu, akila kwao wakila kwake, popote njaa ilipowakuta. Kwandu alipojifungua mapacha, Kulwa na Doto, akawa hajiwezi kwa muda mrefu, na Josefina ndiye aliyewabeba mgongoni kwa zamu, huyu akilala anamchukua yule. Ngassa, kaka wa mapacha hao, alikuwa nyuma ya Josefina darasani. Hesabu zikimshinda anamfuata na daftari lake, "Dada Jose, nisaidie." Alikuwa anamsaidia, lakini hakumpa jibu. Tangu utoto alikuwa na ugumu huo. Anakuuliza swali juu ya swali mpaka unataka kulia, halafu jibu linakutoka wewe mwenyewe.

Masista wakamsomesha sekondari, wakamfikisha Dar es Salaam kwenye chuo cha kompyuta. Kwa asiyejua, kama mimi nilivyokuwa sijui, kompyuta haina akili yake. Lazima mtu aiandikie maagizo: fanya hili, halafu hili, na likitokea hili fanya lile. Maagizo hayo ndiyo programu. Ukiiagiza vibaya itafanya vibaya kwa bidii ileile. Josefina alisomea kuandika maagizo hayo.

Alipomaliza alikwenda kutafuta kazi katika kampuni moja huko Dar. Aliniambia siku moja, akiwa ameshika kikombe, wala hakuwa na uchungu sautini. Bwana aliyemsaili alitazama jina lake, akamuuliza, "Uwimana ni kabila gani?" Akajibu. "Baba yako alizaliwa wapi?" Akajibu. "Na babu?" Akajibu. Bwana akafunga faili, akasema wataandika barua. Kompyuta ilikuwa pale mezani, imefunikwa kitambaa. Hakuulizwa hata namna ya kuiwasha.

"Nilitoka pale," akaniambia, "nikasema mimi nikipewa kiti kile, nitamuuliza mtu kazi tu. Nitawauliza wote swali moja, na babu wa mtu sitamtaja."

Kiti akapewa, lakini akapewa nyumbani, mahali pabaya kuliko pote.

Shirika la misaada lililokuwa likigawa chakula kambini lilijenga maghala Nyakahura, nyuma ya soko, kwa kuwa malori yote ya kwenda Ngara hupita hapa. Kando ya maghala wakaweka ofisi ya mbao na bati, jenereta na kompyuta. Josefina ndiye aliyeandika programu ya majina ya wakimbizi, ile iliyosema nyumba hii ina watu kadhaa, ipewe unga kiasi hiki. Wakimbizi walipoongezeka kazi ikamzidi. Mkuu wa ofisi, Mzungu mpole asiyejua mambo yetu, akamwambia tafuta mwandishi wa programu wa pili, wewe ndiye unayejua, saili wewe, amua wewe. Akidhani anamheshimu.

Tangazo likabandikwa. Na Ngassa wa Bulugu alikuwa ametoka kumaliza kozi ya kompyuta Mwanza.

Bulugu alifika kwa akina Josefina Jumapili baada ya ibada. Nilikuwepo, nimempelekea mama yake dawa ya kikohozi. Josefina akapiga goti, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umekuwa mkubwa. Unaajiri watu."

"Nasaili tu, baba. Atakayeweza ndiye atakayechukuliwa."

"Ngassa ataweza."

"Aje. Nitafurahi akiweza."

Bulugu akacheka kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na fimbo yake ilikuwa ikichora chini wakati wote. "Wewe binti, baba yako alipokuja hapa nilimsaili? Nilimuuliza unajua kulima? Nilimwambia lima."

Josefina akaitazama fimbo ile.

"Kijana akipata kazi, shamba hili ni lenu mpaka wajukuu. Nitasema mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nitaandika kama mnataka kuandika. Asipopata," akainuka, "asiye na shamba, kambi ipo. Nyie mnaijua njia."

Mama yake Josefina, mwanamke aliyekuwa mwoga wa kila kitu tangu alipovuka mpaka, alimshika bintiye mkono Bulugu alipoondoka. Akamwambia kwa Kirundi, nami Kihangaza changu, ambacho ni ndugu wa Kirundi, kinatosha kuelewa: "Mpe. Kwani ni kazi yako? Ni ya Wazungu. Mpe mtoto wa watu kazi, tulale." Josefina akasema, "Mama, labda ataweza. Tusubiri." Naamini kabisa alikuwa anataka aweze. Juma lile lote alikuwa akipita getini kwetu na midomo inacheza, na mtu wa sala humjua mwenzake.

Siku ya usaili walikuja vijana wachache. Wengi walishindwa hata kukaa vizuri mbele ya mashine, wakaaga kwa adabu. Wakabaki wawili, Modestus kutoka Bukoba, na Ngassa wetu.

Modestus aliingia asubuhi. Madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai yangu wakamtania, "Mhaya, usikimalize Kiingereza chote humo ndani, mwenzako naye anakihitaji." Akajibu, "Nitamwachia herufi mbili tatu." Wakacheka. Alikuwa mwembamba, suruali imepwaya.

Josefina akampa swali. Ninalikumbuka kwa sababu nililisikia tena na tena siku ile, halikubadilika hata neno. Alisema: "Hawa ni watu wa mstari mmoja wa mahema. Tunajua wapo waliojiandikisha mara mbili ili wapate chakula mara mbili. Andika programu iwatafute na kuwaondoa. Halafu tuiwashe tuone."

Modestus akainamia orodha. Akasema, "Samahani dada, kabla sijaandika. Hapa naona Bukuru wa miaka minne na Butoyi wa miaka minne, nyumba ya kwanza. Na hapa chini tena Bukuru wa miaka minne na Butoyi wa miaka minne, nyumba ya pili, ya Manirakiza. Ni walewale?"

"Wewe unaonaje?"

"Sijui. Mimi si wa huku. Haya majina yana maana gani kwao?"

Josefina akamwambia kwamba kwa Warundi pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, katika kila nyumba. Modestus akasema, "Basi jina peke yake halitoshi." Akaanza kuandika. Aliandika polepole, akakosea mahali, mashine ikagoma, akatoa jasho, akarekebisha. Programu yake ilipomaliza ilikuwa imekamata mwizi mmoja na kumkosa wa pili. Lakini mapacha wote wanne walibaki.

Mchana akaingia Ngassa. Huyu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na Kwandu mwenyewe, na Kwandu alikuja naye mpaka langoni mwa maghala, akakaa chini ya kivuli cha lori na kitenge kipya. Madereva wakamsalimu, "Mama msomi." Akafurahi.

Ngassa akaingia akasema, "Dada Jose, habari za tangu juzi," kama mtu aliyefika nyumbani. Josefina akamjibu, "Karibu, Ngassa. Keti." Akampa swali lilelile, kwa maneno yaleyale.

Ngassa hakuuliza kitu. Vidole vyake vilikuwa vikikimbia juu ya mashine, hata mimi nje nilisikia kwamba huyu ni fundi kuliko yule wa asubuhi. Hakukosea hata mara moja. Aliwahi kumaliza kabla chai yangu haijachemka, akasema, "Tayari."

"Iwashe."

Akaiwasha. Kisha Josefina akasoma kwa sauti walioondolewa. Wezi wote wawili walikuwemo, hata yule aliyemponyoka Modestus. Halafu akasema, "Na Bukuru wa nyumba ya Manirakiza. Na Butoyi wake. Hawa umewaondoa kwa nini?"

"Wamejirudia. Jina moja, umri mmoja, mstari mmoja."

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Ngassa, angalia tena, tafadhali." Nilisikia sauti yake ikishuka, sauti ile ya zamani ya kwenye daftari. Alikuwa anamvuta. Mungu ni shahidi wangu, alikuwa anamvuta kwa kamba zote alizokuwa nazo.

Ngassa akasema, "Dada Jose, tuache mchezo. Hawa watu ni waongo, kila mtu anajua. Wanaandikisha mtoto mmoja hema hili na hema lile."

"Kwenu Kulwa wapo wangapi?"

"Kulwa wetu?"

"Kulwa wenu yupo, na nyumba ya Kazimili yupo Kulwa mwingine na Doto wake, rika moja. Ungeandikisha kijiji hiki, programu yako ingemfuta nani? Wenu au wa Kazimili?"

Nikaacha kufuta vikombe ili nisikie. Nilidhani sasa ameona. Nadhani aliona kweli, kwa sababu alipojibu hakujibu kama mtu asiyejua. Alijibu kama mtu aliyebanwa mlangoni.

"Sisi si wakimbizi," akasema.

Na Josefina, ambaye juma zima alikuwa akimwombea, akashikwa na hasira. Hapa simsifu, na mwenyewe hajisifu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa madereva, "Watoto wawili wa miaka minne umewanyima chakula, na umejibu ukiwa umeketi. Inuka utoke." Madereva wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Ngassa akatoka na shati lake jeupe, akapita mbele ya mama yake bila kusimama, na Kwandu akainuka akamfuata, kitenge kimejaa vumbi nyuma.

Josefina alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la mkaa. Mkuu wa ofisi akamfuata huko, naye alikuwa amesikia kelele. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba kijana yule ana mikono mizuri, je, haiwezekani kumchukua na kumfundisha?

Josefina akamwambia, "Mikono itafundishika. Modestus naye mikono yake ni mibovu, nitamfundisha. Lakini yule asiyeuliza kabla ya kuandika, akikaa peke yake mbele ya mashine, nani atamuuliza? Mimi siwezi kukaa nyuma yake kila siku."

Akachukuliwa Modestus. Lakini siku hiyohiyo, kabla jina halijabandikwa, Josefina alikwenda kwa Bulugu kwa miguu yake. Alikwenda na habari ya kazi nyingine, ya kuingiza majina kwenye kompyuta, kazi ya heshima tu, ambayo Ngassa angeianza mara moja, na baadaye akijifunza kuuliza angesailiwa upya. Nilimsindikiza, kwa kuwa aliniomba.

Kwandu alisimama mlangoni, hakutukaribisha. Josefina akapiga goti, "Shikamoo mama." Hakuitikiwa. Akaeleza akiwa bado amepiga goti.

Kwandu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka ndani, "Baba Ngassa, njoo usikie. Mwanao amepata kazi ya kuchapa majina ya Warundi, bosi wake Mhaya, na bosi wa Mhaya ni huyu."

Bulugu akajibu kutoka ndani bila kuonekana, "Mwambie nimeshasikia. Mwambie aende akafungashe."

"Umesikia," Kwandu akamwambia. "Na ule msamaha wako mwingine uupeleke kambini."

"Sikuleta msamaha, mama. Nimeleta kazi."

"Haya, ondoka na kazi yako."

Tangu siku hiyo njia ikaziba. Muuza chumvi sokoni akawa hana chumvi Josefina akifika, na anayo akifika mwingine. Kanisani watu waliokuwa kwenye benchi lao walihamia mbele, na mama yake akabaki ameketi peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Watoto walijifunza kuimba, "Bukuru, Bukuru, unga wako umefutwa," wanaimba wakimfuata mpaka ofisini, na hakuna mzazi aliyewakemea. Siku moja ng'ombe wa Bulugu waliingia kwenye mahindi yao mchana kweupe, mchungaji amesimama papo hapo anaegemea fimbo. Mama yake Josefina alipotoka kuwafukuza, mchungaji akasema, "Bibi, waache wale kwao."

Mimi niliwapelekea chumvi na maji, na ndipo Kwandu akaniuliza swali lile la kisimani. Nilisali tu Bwana alainishe moyo mmoja, wowote kati ya mioyo yao, na moyo niliouona ukilainika ulikuwa wa mama yake Josefina peke yake, ambao haukuwa na haja ya kulainishwa. Alianza kumlaumu bintiye. "Ungempa," anasema kila akikaa. "Watoto wale si wako. Huwajui hata sura. Ungempa." Josefina anaendelea kupepeta mchele.

Siku moja tu nilimsikia akimjibu. "Mama, ulipofika hapa, kama wangekuandikisha kambini, mimba yako wangeiandika jina gani?" Mama yake akasema hajui, hakuwa amejua kama ni mmoja au wawili.

Mwishowe Bulugu akapeleka neno kwa mwenyekiti wa kijiji, na kikao kikaitwa katika darasa la shule ya msingi. Tulijaa mpaka madirishani. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Josefina na mama yake waliwekwa mbele, kwenye benchi, wakitutazama sisi.

Bulugu akasimama. "Mimi sina ugomvi na mtu. Nilitoa kwa mdomo, nachukua kwa mdomo. Nani anasema si langu?"

Kweli lilikuwa lake.

Kazimili, mzee mwenye mapacha wa rika moja na wa Bulugu, akanyoosha mkono. Akasema huyu mwanamke aliwalea watoto wa Bulugu, sisi sote tuliona. Kwandu hakungoja apewe nafasi. "Ni kweli, mgongo wake uliwabeba wanangu. Na ardhi yangu ilimbeba yeye na baba yake na mama yake. Tumelipana. Nani mwingine?"

"Mwache mama aseme," wakasema nyuma. Na mwingine akasema, "Wakimbizi wana kambi yao, mnapoteza muda." Watu wakagonga madawati.

Mwenyekiti akamtafuta Ngassa kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango. "Kijana, hebu tuambie, ulionewa?"

Ngassa akatazama chini. "Aliniuliza swali la wakimbizi."

"Hukulijua jibu?"

Kwandu akasema, "Angelijuaje? Yeye ni Mrundi?" na watu wakacheka kwa ukali, wakagonga tena. Nilimwangalia Ngassa wakati wakicheka. Hakuwa akicheka. Alikuwa akimtazama Kulwa, mdogo wake, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na ubao, na nikasema moyoni, sema, mwanangu, sema sasa. Akafungua mlango akatoka.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka jambo liishe kabla mvua haijaanza, mawingu yalikuwa yametanda. Akamgeukia Josefina akasema, "Binti, sote ni majirani hapa. Mzee Bulugu ameniambia kando, kijana akichukuliwa hata leo, shamba linabaki kwenu na neno hili limekwisha. Mchukue. Mpe swali jingine, rahisi, apite, twende tukalale. Unasemaje?"

Mama yake akamshika bintiye gauni pale pale mbele ya watu wote. Alilishika kwa mikono yote miwili.

"Swali jingine naweza kumpa," Josefina akasema. "Hata kesho. Lakini wale watoto wataendelea kuwa wawili nyumba hii na wawili nyumba ile, na yeye anajua. Mpaka atakapoandika hivyo, siwezi kumweka pale."

Kelele zikapanda. Mtu alirusha chaki, ikampiga begani. Bulugu akasema kwa sauti ileile ya chini, "Mmemsikia wenyewe," akavaa kofia yake. Mwenyekiti akagonga meza, akagonga tena, akasema basi, uamuzi umetoka, mwenye shamba anachukua shamba lake, na hawa watafute pa kwenda. Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi ya kikao, akamuuliza Josefina kama ana ombi lolote kabla hajafunga.

Josefina akainuka. Akaitoa mikono ya mama yake kwenye gauni, kidole kwa kidole, bila kumuumiza. Akamtazama Bulugu, si mwenyekiti, akasema:

"Baba, shamba ni lako, sina neno. Maharage ya mama bado mabichi. Naomba aachwe ayavune yakishakauka, ndipo tuondoke."